Gari Lisilokunywa Maji

Watu wengine wakisikia harufu ya formoli, ile dawa ya kuhifadhia miili isioze, hufikiria maiti. Mimi hufikiria gari. Mwezi uliopita tulipokwenda kumchukua Baba kwenye chumba cha maiti, mhudumu alifungua mlango, ile harufu ikatoka ikanipiga puani, nami nikageuka nikitaka kukimbia. Ndugu zangu walinishika mikono wakidhani ni uchungu wa kufiwa. Mama peke yake, aliyekuwa ameketi kwenye benchi na kitenge chake cheusi, alinitazama akajua.

"Njo harufu ya ile motokari," alisema polepole, kwa Kiswahili chetu cha Kamina, ambacho "njo" ni ndiyo na "minyi" ni mimi.

Na mimi, mwanamke mzima mwenye wajukuu wawili, nikaogopa kama nilivyoogopa nikiwa mtoto wa pengo, meno ya mbele yameng'oka na mapya hayajaota.

Wenzangu mliokulia Kamina miaka ile ya Zaire, sihitaji kuwaeleza woga wetu ulivyokuwa. Tuliogopa radi, tuliogopa askari wa kambi kubwa ya jeshi, tuliogopa mwalimu wa hesabu. Lakini woga mama wa woga wote ulikuwa wa batumbula. Kwa asiyekulia kule: batumbula walikuwa watu waliosemekana kukamata wenzao barabarani, kuwatia garini, na kuwalisha sukari na chumvi mpaka wanenepe, wasahau kusema, wageuke nguruwe. Kisha Noeli ikifika wanachinjwa. Nani aliwala? Wazungu, tuliambiwa, pamoja na weusi waliotumwa nao. Hakuna mtu niliyemfahamu aliyewahi kumwona mtu aliyeliwa, na kwetu hilo ndilo lililothibitisha jambo lenyewe, maana angeonekanaje wakati ameshaliwa?

Aliyenifundisha hayo yote alikuwa Yaya Mujinga (yaya kwetu ni dada mkubwa), binti wa mama mkubwa, aliyeletwa kwetu kutoka Malemba-Nkulu ili asome. Alikuwa na miaka kumi na minne na ulimi usiochoka. Tuliishi kwenye kambi ya wafanyakazi wa reli, katika nyumba ya matofali ambayo ua wake wa nyuma uliishia kwenye njia ya pembeni, ile ambayo mabehewa ya mizigo yaliegeshwa kusubiri injini. Baba yangu kazi yake ilikuwa kusikiliza magurudumu. Alitembea kando ya treni iliyosimama, mkononi ana nyundo yenye mpini mrefu, akagonga gurudumu moja moja na kutega sikio. Gurudumu zima huimba, lenye ufa hukohoa. Akimaliza kugonga mpaka behewa la mwisho, huinua bendera, na treni inaondoka. Sauti ile ya nyundo niliijua kabla sijajua kuhesabu.

Siku Baba aliyoamua kununua gari alinichukua niende naye. Aliniita "mama", kwa kuwa nilipewa jina la mama yake, Ngoie, na alipenda kusema hafanyi jambo kubwa bila mama yake kuwepo. Muuzaji alikuwa mzungu mzee ambaye mji mzima ulimwita Bwana Samaki. Kwa miaka mingi alikuwa akienda Kinkondja na Mulongo kupima samaki. Hakuwavua wala hakuwauza, aliwapima kwa rula na kuwatia kwenye chupa. Hebu fikiria mtu mzima mwenye ndevu anayepima samaki bila kuwala. Yaya Mujinga alisema hiyo ilikuwa danganya toto, na kwamba kwenye chupa nyingine za ndani mlikuwa na vitu visivyo samaki.

Sasa alikuwa anarudi kwao, na gari lake lilikuwa chini ya paa la mabati mbele ya nyumba. Lilikuwa folkswageni ya zamani ya Wajerumani, ya rangi ya maziwa yaliyochacha, mgongo wa mviringo kama kobe. Baba alilizunguka. Kisha akatoa nyundo yake ya kazini aliyokuwa ameificha kwenye koti, akachuchumaa, akaanza kugonga. Aligonga magurudumu yote manne, akagonga milango, akagonga sakafu kwa chini, sikio limetegwa. Bwana Samaki alicheka mpaka akakohoa.

"Papa, hii haiko vagoni."

"Chuma ni chuma, Bwana," Baba alijibu. "Minyi nasikilizaka mbele, njo naamini."

"Basi sikia hii moja. Hii motokari haikunywake mayi. Hata siku moja. Wajerumani balitengeneza vile."

Baba akainuka, uso umemng'aa. "Njo ile natafuta. Barabara ya kwenda kambi ya askari haina mayi. Minyi nataka motokari ya kila siku, mama ya batoto aende kuuzisha samaki yake, arudie. Haiko ya kupamba."

Wao walikuwa wanazungumza juu ya mashine inayopozwa na upepo. Mimi nilisikia jambo jingine. Kila gari nililolijua lilikunywa maji. Lori la kampuni lilikunywa debe zima pale karibu na bomba huku likitoa mvuke. Kama hili halinywi maji, linakunywa nini? Kabla sijapata jibu Bwana Samaki alifungua mdomo wa mbele wa gari. Mdomo wa gari ukifunguliwa unatakiwa kuona mashine. Hapa hapakuwa na mashine. Palikuwa na shimo tupu, limefagiliwa, la urefu wa kutosha mtu akijikunja, na ndani yake chupa tatu za samaki waliokodoa macho kwenye maji ya rangi ya mkojo. Moja ilikuwa imevuja. Ile harufu ya formoli ilinijia. Nilikimbia mpaka kwenye lango na sikurudi, kwa hiyo sikuona Bwana Samaki alipokwenda kufungua upande wa nyuma, mahali ambapo Wajerumani walikuwa wameiweka mashine yao.

Nilimweleza Yaya Mujinga yote jioni ile tukichambua mchele. Alisimama, ungo mkononi.

"Mbele iko tupu?"

"Tupu kabisa. Na haikunywake mayi."

"Basi njo pale banaweka bantu," alisema. Hakuwa anatania. Nadhani na yeye aliogopa, na hilo ndilo lililonimaliza kabisa.

Tangu siku ile sikupanda gari la Baba. Nilikwenda shule kwa miguu, na Baba akinipita alipiga honi na kucheka, akisema mama yake ni mshamba. Mama alipanda. Kila Jumatatu na Alhamisi vikapu vyake vya samaki wakavu wa ziwa Kisale vilipakiwa kwenye lile shimo la mbele, na Mama akaketi kando ya Baba, akapelekwa kabla ya saa za kazi kuwauzia wake wa askari. Nilisimama barabarani nikilitazama gari mpaka vumbi linaisha. Jioni alirudi na sukari. Wake wa askari walikuwa nayo, nao walimpenda Mama, wakambadilishia kwa samaki. Aliikoroga kwenye chai vijiko vinne, vitano. Hakuwahi kunywa chai namna ile.

Kisha akaanza kunenepa. Miguu ilivimba, viatu vikamkataa. Uso ulijaa na ngozi ikang'aa. Alitapika asubuhi, halafu mchana nikamkuta nyuma ya jiko anakula pemba, ule udongo mweupe, anaung'ata kama biskuti. Nilimuuliza ana nini, akasema ameshiba tu. Mnajua desturi ya kwetu: mimba haisemwi mbele ya watoto, na mtoto ambaye hajafika hatajwi, asije akarudi alikotoka. Mtu mzima angemtazama mara moja na kuelewa. Mimi nilichokuwa nacho kichwani ni somo la Yaya Mujinga: sukari, kunenepa, Noeli. Nilihesabu vidole vyangu, na Noeli haikuwa mbali.

Kitu kimoja kilikuwa kimebaki bila maelezo, nacho nilikipatia maelezo mwenyewe. Kila jioni, gari likishaegeshwa, Baba alitazama barabara kulia na kushoto, akafungua kifuniko kidogo cha nyuma ya gari, akaingiza mkono, akatoa kitu akakifunga kwenye kitambaa. Alikificha ndani ya kiatu chake cha kuvaa misani, chini ya kitanda, upande anapolala Mama. Leo kila mtu wa umri wangu anajua alikuwa anafanya nini. Askari walikuwa na tabia ya "kuazima" magari ya raia, na gari lililoazimwa lilirudi likiwa mifupa au halikurudi. Wenye akili walitoa rotori, kile kipande cha kahawia cha ukubwa wa kidole gumba kinachozunguka ndani ya delko na kugawa moto wa kuwashia injini. Bila hicho gari halitoki, hata lisukumwe na kikosi kizima. Lakini mimi nikichungulia dirishani niliona baba yangu anatoa kitu kwenye tumbo la gari la batumbula na kukilaza karibu na kichwa cha mama yangu. Kwa hiyo na Baba alikuwa ametumwa. Nilimpenda Baba kuliko sukari, na kuanzia hapo nilimwogopa akinishika mkono.

Jumapili moja nikiwa nyuma ya mlango nilimsikia akizungumza na jirani yetu, Mama Kasongo, mwanamke mnene mwenye mikono ya nguvu ambaye wanawake wa kambi walimwita wakati wa kujifungua.

"Mbele ya Noeli minyi mwenyewe nitamupeleka na motokari," Baba alisema. "Kule banamungojea."

"Uzuri," Mama Kasongo akajibu. "Amenenepa sana. Usichelewe."

Nilikwenda kukojoa nyuma ya nyumba kwa sababu sikuweza kujizuia tena.

Asubuhi ya pili yake Baba alikwenda kazini kwa miguu kama kawaida, kwa kuwa stesheni ilikuwa karibu. Siku hiyo Mama hakwenda kuuza. Alisema mgongo unamuuma. Aliposinzia kwenye mkeka wa veranda niliingia chumbani, nikatia mkono kwenye kiatu cha misa, nikakitoa. Kilikuwa chepesi. Kilikuwa na ulimi wa shaba juu yake, na kilinuka mafuta. Yaya Mujinga alikuwa ameniambia kwamba dawa ya batumbula hufa ikiwekwa chini ya chuma, na chuma kwetu hakikukosekana. Nilipita ua wa nyuma, nikasimama kwenye njia ya pembeni penye nguzo ya zamani ya kunyweshea injini, nikahesabu mataruma saba, zile boriti zinazobeba reli, kutoka hapo. Katikati ya reli mbili nilifukua mawe, nikakizika na kitambaa chake, nikafukia. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeokoa mama yangu, na nilikula viazi vyangu vyote.

Mvua ilianza saa sita mchana, mvua ya Desemba, ile ambayo mabati yake hayakuruhusu kusikia mtu aliye kando yako. Sauti ya Mama niliisikia hata hivyo. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, amekumbatia mguu wa kitanda, na chini yake palikuwa na maji ambayo si ya mvua. Yaya Mujinga alikimbia kumwita Mama Kasongo, kisha akakimbia kumwita Baba. Mama Kasongo aliingiza mikono yake, akatoka na uso mwingine.

"Mutoto analala vibaya," alimwambia Baba, aliyekuwa amefika akiwa amelowa. "Hii si ya hapa. Ku hopitali, sasa hii."

Mtoto. Nililisikia neno hilo na sikujua niliweke wapi. Baba alikuwa tayari amepiga magoti mbele ya kitanda. Alitikisa kiatu kimoja, akatikisa cha pili. Alirudia cha kwanza, akatia mkono mpaka kwenye vidole. Alivuta godoro. Alimwaga sanduku la nguo.

"Mujinga! Ile kintu ya mu kiatu iko wapi?"

"Kintu gani, Papa? Minyi sijue kintu!"

Baba alimpiga kofi. Sikuwahi kumwona akimpiga mtu, na nadhani hata yeye hakuwahi kujiona. Yaya Mujinga alishika shavu akanitazama mimi, na hakunitaja, ingawa sasa najua alikuwa ameshaelewa. Baba alitoka kwenye mvua kutafuta gari jingine. Kambini gari lilikuwa hilo hilo moja. Akarudi na baiskeli ya jirani. Wakajaribu kumketisha Mama, akapiga ukelele mmoja wakamrudisha chini. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kona, mgongo ukutani. Nikisema, Mama ataingia kwenye lile shimo. Nisiposema, je? Nilikuwa nimeshaona mbuzi akifa, na Mama alikuwa anapumua vile vile.

Nilifunga macho. Nilipoyafungua, Mama alikuwa ananitazama.

"Ngoie. Kuya hapa."

Nilikwenda. Mkono wake ulikuwa baridi na umelowa.

"Unaogopa nini, mama?"

"Itakukula," nikasema.

"Nini njo itanikula?"

"Motokari. Banakunenepesha juu ya Noeli. Minyi nilisikia. Na Papa anajua."

Mama Kasongo alipiga makofi ya mshangao na kuanza kunilaani kwa Kiluba, babu zangu wote mmoja mmoja. Mama aliinua mkono kumnyamazisha. Uchungu ulimjia, akauma kitenge, ukapita. Mtu mwingine angenicheka au kunizaba. Angenieleza kwamba hakuna batumbula, na mimi nisingeamini, na muda ungepotea kwenye maelezo.

"Sikia," aliniambia. "Tutaingia mule pamoja, weye na minyi. Kama ni kukula, itatukula siye wote mbili. Leta ile kintu."

Sijui kwa nini hilo lilinitosha. Nilikimbia.

Kwenye nguzo nilisimama kama niliyepigwa na radi. Njia ya pembeni haikuwa tupu tena. Wakati tukihangaika, treni ya mizigo ilikuwa imevutwa ikaegeshwa hapo, mabehewa meusi yakichuruzika maji, na taruma langu la saba lilikuwa chini ya moja kati yao. Baba alikuwa amenionya juu ya mambo machache sana duniani, na la kwanza lilikuwa hili: usiingie kamwe chini ya behewa lililosimama, maana treni haimwambii mtu kwamba inaondoka. Halafu nikasikia nyundo. Kwa mbali, upande wa injini, mwenzake Baba alikuwa anagonga magurudumu. Yote yalikuwa yanaimba. Alikuwa anakuja upande wangu, na akifika mwisho atainua bendera.

Niliingia. Nilihesabu mataruma kwa magoti kwa kuwa kichwa sikuweza kukiinua. Mafuta meusi na maji yalinidondokea shingoni. Kwenye la saba nilifukua, hakuna kitu. Mawe yalikuwa yameteleza. Nyundo ilikuwa inakaribia, kling, kling, na kila mgongo wa behewa ulijibu. Nilifukua la sita, nikafukua la nane, kucha moja ikang'oka na sikuisikia. Nyundo ilinipita, nikaona buti za yule mtu na ncha ya koti lake, nami nikaendelea kufukua. Nilirudi la saba na kuingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, ndipo kitambaa kikanigusa. Kugonga kulikuwa kumekwisha. Nilitambaa kutoka na nilikuwa bado nimelala kwenye matope wakati vyuma vilipolia vyote kwa pamoja na gurudumu lililokuwa kando ya kichwa changu likaanza kuzunguka.

Hayo yote, tangu Baba aanze kutafuta mpaka niweke kile kitu mkononi mwake, yalichukua muda wa kusonga bukari, ugali wetu, na kuumaliza. Nimeupima muda huo mara nyingi jikoni kwangu. Baba alitazama mikono yangu, akakichukua, akakipuliza, akakikausha kwa shati lake la ndani, akafungua nyuma ya gari. Gari likawaka.

Walimlaza Mama kwenye kiti cha nyuma, na mimi nikabanwa miguuni pake, kama alivyoahidi. Sikutaka kupumua ile harufu, na mtoto hawezi kutopumua. Nyuma ya mgongo wangu kitu kilikuwa kinanguruma na kutoa joto, nikajua kwamba hapo ndipo mdomo ulipo na kwamba tunaliwa kuanzia mgongoni. Mama alinishika mkono kila uchungu ulipomjia, akauminya mpaka mifupa ikagusana. Kwenye kivuko cha reli askari wawili walitaka kutusimamisha, Baba hakusimama. Nilikuwa nimefumba macho, ninasali sala ya kabla ya chakula kwa kuwa ndiyo pekee niliyoikumbuka.

Hospitalini walitoka watu wenye makoti meupe. Ukumbini kulikuwa na harufu ile ile ya chupa za Bwana Samaki, na hapo nilijua sikukosea hata kidogo. Walimweka Mama kwenye kitanda cha magurudumu. Nilikishika kitenge chake. Mmoja wao alinifungua vidole, kimoja kimoja, bila ukali. Mlango ulijifunga. Baba alinirudisha kwenye gari akaniambia ningoje. Mvua iliisha, jua likatoka, vioo vikatoa mvuke, na mimi nilikaa ndani ya lile gari peke yangu nikilia kwa kuwa limemla Mama na mimi limenibakiza.

Jua lilikuwa limeinama Baba alipotoka, na mkunga nyuma yake. Mlango wa gari ulikuwa wazi, kwa hiyo nilisikia.

"Mama atapona," mkunga alisema. "Lakini mutoto... Kama mungefika mbele kidogo, Papa. Kidogo tu."

Baba aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amebeba kifurushi cha kitenge, kidogo, kama mkate. Kwetu mtoto mdogo haonyeshwi mtoto aliyefariki kabla ya kulia, wala hawaketi chumba kimoja. Baba akaenda mbele ya gari, akafungua lile shimo, akavua koti lake la kazini, akalitandika, akalaza kile kifurushi juu yake. Alifunga kwa mikono miwili, taratibu. Tulirudi nyumbani polepole, yeye na mimi na dada yangu. Alikuwa msichana, hilo niliambiwa baadaye. Kwa hiyo Yaya Mujinga alikuwa amesema kweli, pale palikuwa mahali pa kuweka mtu, na aliyemweka pale ni mimi.

Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi majuto yangu yalinikuta nikiwa na umri wa kuwa mjukuu, na yamezeeka pamoja nami. Nyumbani hakuna aliyenigombeza. Baba alimwomba Yaya Mujinga msamaha mbele yetu sote, jambo ambalo wanaume wa kambi hawakulifanya. Mama alirudi baada ya siku tisa, amekonda, akaenda jikoni. Mwezi uliopita, pale kwenye benchi, baada ya miaka yote hiyo, ndipo nilipothubutu kumuuliza kama ni ule muda niliouchelewesha. Alifikiri sana kabla ya kujibu, na kwa hilo namshukuru.

"Pengine, mama," alisema. "Pengine hapana. Minyi najua tu ile siku uliniogopea. Hakuna muntu aliniogopea vile tena."

Lakini ninalotaka kulimaliza ni la jioni ile ile. Wanawake walikuwa wameshamchukua dada yangu kumzika kimya kimya, bila kilio, kama inavyotakiwa. Baba aliegesha gari. Alitazama barabara kulia na kushoto, akafungua kile kifuniko cha nyuma, akatoa rotori na kuifunga kwenye kitambaa kilichokuwa bado na matope. Nilikuwa kwenye ngazi ya veranda, nikingoja kofi langu. Alikuja akachuchumaa mbele yangu namna anavyochuchumaa mbele ya gurudumu, akakaa hivyo kwa muda, kichwa kimeinama upande mmoja. Halafu alifungua kiganja changu chenye kidonda, akakiweka mle kile kitambaa, akakunja vidole vyangu juu yake.

"Mama," aliniambia, "kuanzia leo weye njo utaniwekea."

Nililala nimekifumbata, ngumi chini ya shavu, na asubuhi kilikuwa kimeniachia alama ya ulimi wa shaba. Nimewahi kuogopa kuliwa. Woga huo ulikuwa mdogo kuliko nilioupata usiku ule, wa kwamba nitalala usingizi mzito na vidole vyangu vitafunguka.